Nyumba ya babu Mji wa Kale: lipu ya saruji, roshani iliyoinama na suala la kibali

Mjukuu wa Kibokoni aliuliza:

Assalamu aleikum ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu wanaoujua Mji wa Kale wa Mombasa kwa kuishi ndani yake au kwa kufanya kazi ya ujenzi humo.

Sisi ni ndugu watano tuliorithi nyumba ya marehemu babu yetu katika uchochoro mmoja wa Kibokoni. Ni nyumba ya chini na ghorofa moja, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na zina unene wa takriban nusu mita, dari ni ya boriti, na upande wa mbele kuna roshani ya mbao yenye nakshi ambayo babu alikuwa akikaa kila alasiri. Tangu masika yaliyopita, ukuta wa chumba cha nyuma umelowa hadi kimo cha kiuno, lipu inabambuka vipande vipande, na kila asubuhi tunafagia unga mweupe unaofanana na chumvi. Roshani nayo imeinama upande mmoja kwa sababu mkono mmoja wa mbao unaoibeba umeoza pale unapoingia ukutani.

Fundi tuliyemwita ametushauri tubandue lipu yote ya zamani, tupige saruji juu ya wavu wa waya, tuivunje roshani na kuweka ya zege, kisha tuongeze ghorofa ya pili ili tupate vyumba vya kupangisha. Ndugu zangu wawili wamevutiwa na shauri hilo, na siwalaumu, kwa kuwa nyumba haituletei chochote kwa sasa. Linalonitia shaka ni kwamba miaka minne iliyopita tulipiga saruji sehemu ya ukuta wa mbele, na sehemu hiyohiyo ndiyo iliyopasuka kabla ya nyingine zote.

Ninataka kujua mambo matatu. Je, ni kweli kwamba saruji inaziharibu nyumba hizi, au ni maneno ya wazee wasiopenda mageuzi? Je, kibali kinahitajika hata kwa kazi ya nyuma ambayo mpita njia haioni? Na je, roshani iliyofikia hali hiyo inafaa kutengenezwa, au tutakuwa tunatupa pesa baharini?

Mwashi wa Chokaa alijibu:

Wa aleikumu salaam, ndugu yangu. Nimefanya kazi ya uashi katika nyumba za namna hii kwa zaidi ya miaka 20, na jibu la swali lako la kwanza umekwisha kulitoa mwenyewe pale uliposema kwamba sehemu iliyopigwa saruji ndiyo iliyopasuka kwanza. Wazee hawakuwa wakisema maneno ya hewani.

Jiwe la matumbawe lina vinyweleo vingi, nalo hunyonya maji kutoka chini ya ardhi, kutoka kwenye mvua, na hata kutoka kwenye upepo wa bahari. Waliojenga nyumba hizi hawakuweka kizuizi cha maji kwenye msingi kama tufanyavyo leo. Walichotegemea ni kwamba maji yatakayoingia ukutani yatapata njia ya kutoka, na njia hiyo ni lipu ya chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Unapoufunika ukuta huo kwa saruji, maji hayakomi kuingia, ila yanakosa pa kutokea, kwa hiyo yanazidi kupanda ndani ya ukuta hadi yafike mahali yanapoweza kupenya. Maji hayo yana chumvi. Yanapokauka nyuma ya saruji, chumvi hugeuka kuwa chembe ngumu zinazotanuka na kulimega jiwe kutoka ndani. Saruji kwa nje huonekana nzima kwa miaka miwili au mitatu, lakini ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama mtungi mtupu, na siku inapoanguka huanguka na uso wa jiwe.

Huo unga mnaoufagia kila asubuhi ndiyo chumvi yenyewe. Usiufunike. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa kitu chochote, tafuta maji yanatoka wapi. Panda juu ya paa wakati mvua inanyesha, si baada yake, uangalie mfereji wa bati unamwaga wapi. Angalia bafu la jirani kama limeegemea ukuta wenu. Kisha pima sakafu ya chumba hicho na uso wa uchochoro ulio nyuma, kwa maana vichochoro vingi vimetandikwa matofali ya saruji juu ya ardhi ya zamani, vikapanda, na leo utakuta sakafu ya chumba iko chini kuliko njia, hivyo kila mvua ikinyesha maji huegemea ukuta. Katika nyumba kumi ninazoitwa kuzitazama, nyingi ugonjwa wao ni mfereji uliotoboka, na mwenye nyumba amekwisha kuambiwa kwamba nyumba imezeeka.

Mkishaziba njia ya maji, bandueni lipu iliyokufa peke yake na mwache ukuta ukauke, hata kama ni kwa miezi kadhaa. Ile iliyoshika vizuri iacheni. Lipu mpya iwe ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na mchanga huo usiwe wa ufukweni, kwa sababu mtakuwa mnairudisha chumvi mliyokuwa mkiikimbia. Chokaa iloweshwe kwenye pipa na ikae chini ya maji kwa wiki kadhaa. Ikiwa tayari utaikata kwa mwiko kama unavyokata siagi. Hupigwa kwa matabaka membamba, kila tabaka karibu sentimita moja, na tabaka la pili halipigwi mpaka la kwanza liwe limeshika. Wakati wa kaskazi jua ni kali, kwa hiyo ni lazima ukuta utundikiwe magunia yaliyoloweshwa, vinginevyo chokaa itakauka kabla haijashika na itakuwa vumbi. Fundi aliyezoea saruji hana subira ya kazi hii, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wengi wao kuipinga.

Kuhusu ghorofa ya pili, ninakusihi msiijenge. Ukuta wenu ni mnene, lakini ndani yake ni mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na ulijengwa kubeba dari ya boriti, si bamba la zege na nguzo za nondo. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kuubeba bila kupinda. Nyumba nzima ilipimwa kwa mti huo. Chukua bisibisi uchome vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani upande wenye unyevu. Bisibisi ikizama kama kwenye keki, hapo ndipo pa kuanzia matumizi yenu. Boriti nzuri hazikuwa rahisi kupatikana baada ya katazo la ukataji miti la mwaka 2018, kwa hiyo msiitupe hata moja iliyo nzima. Iliyooza kichwa pekee hukatwa na kuungwa, au hushikwa kwa mhimili wa mbao ngumu unaopita chini yake.

Binti wa Ndia Kuu alijibu:

Mwashi ameyamaliza ya ukutani, nami nitajibu la kibali na kugusia la roshani.

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna mpango na ofisi maalumu ya uhifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Sheria inayotumika sasa ni ile ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006. Maana yake kwenu ni kwamba kubomoa, kuongeza ghorofa, kubadilisha roshani, mlango au madirisha, yote yanahitaji idhini kabla kazi haijaanza, pamoja na kibali cha kawaida cha ujenzi kutoka kaunti. Kazi ya nyuma nayo isifanywe kimyakimya. Matengenezo madogo yanayorudisha kitu kama kilivyokuwa hayana mgogoro mkubwa, lakini ni busara kwenda kuuliza mkiwa na picha na mchoro mdogo wa mkono kabla fundi hajapandisha jukwaa. Kazi inayosimamishwa katikati hugharimu mara mbili, na nyumba iliyobanduliwa lipu haifai kungojea masika.

Kuna kosa moja ambalo watu wengi hulifanya, nami hulisikia hata kwa wenyeji. Wanadhani kwamba Mji wa Kale wote umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kilichoingizwa mwaka 2011 ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa wenyewe mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, lakini wetu unalindwa kwa sheria ya nchi. Ninalitaja hili kwa sababu fundi akikuambia kwamba UNESCO ndiyo inayowazuia, jua kwamba hajui anachokisema, na pengine hata suala la kibali hajawahi kulifuatilia.

Sasa roshani. Nimewahi kusikia hoja kwamba roshani si kitu cha Waswahili, kwa hiyo haina haja ya kuhifadhiwa. Ni kweli kwamba nyumba za kale zaidi za pwani hii zilielekea ndani: ukuta wa mbele mtupu, mlango wa kuchonga, baraza la kukaa wageni na daka la kuingilia lililomzuia mpita njia asione ndani. Roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia zilishamiri karne ya 19 ilipokuwa inakwenda ukingoni, wakati biashara ilipopanuka na wafanyabiashara na mafundi kutoka Bara Hindi walipoongezeka, hasa baada ya ujenzi wa reli kuanzia hapa mwaka 1896. Lakini mji huu haukuwahi kuwa wa mkono mmoja. Ukitembea kutoka Ngomeni kuelekea bandari ya kale utaupita Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa ulijengwa mwaka 1570, wenye mnara wa umbo la pia, na ukiendelea utafika Leven House, iliyopewa jina la meli ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824 ikiwa na Kapteni Owen. Hakuna aliyeshauri msikiti au jumba hilo vivunjwe kwa kuwa havikutoka katika mkono mmoja na majirani zao. Roshani ya babu yako ni ukurasa mmoja wa kitabu hicho.

Jambo la mwisho, na huenda ndilo la kwanza kwenu. Kabla ya kupeleka mchoro popote, hakikisheni ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya nani. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi, na viwanja vingi vya Mji wa Kale ni wakfu. Kama mirathi yenu haijapitishwa kwa Kadhi na majina yenu matano hayamo kwenye hati, maombi yatasimama hapo hapo hata kama mchoro ni mzuri.

Mwenye Nyumba Aliyechoka alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa heshima, lakini ninaomba upande wa pili nao usikike. Mimi pia nimerithi nyumba katika Mji wa Kale, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama wageni wakiipiga picha roshani yangu ambayo hakuna hata mmoja wao anayejua imenigharimu kiasi gani. Chokaa inataka miezi, mbao za msaji au mvule zinataka fedha za mwenye duka la dhahabu, na seremala anayeweza kuchonga nakshi ya zamani anahesabika kwa vidole. Kodi ya mpangaji hailingani na hayo. Warithi ni wengi, mmoja yuko Ughaibuni, mwingine amehamia Nyali na hataki kusikia habari za uchochoro usiopita gari. Matokeo yake ni kwamba nyumba haivunjwi wala haitengenezwi, inaachwa tu, mpaka siku dari inapojishusha yenyewe. Mimi nasema ulinzi usioambatana na msaada wowote kwa mwenye nyumba ni nusu ya ulinzi, na sioni haya kulisema.

Hata hivyo, katika jambo la saruji siwezi kubishana na Mwashi. Kontrakta mmoja alinipigia saruji ukuta mzima wa ngazi, akanihakikishia miaka 30. Haikufika masika ya tatu. Nilipobandua nilikuta jiwe limekuwa kama sukari guru iliyoachwa wazi, ukiligusa linamwagika.

Mwashi wa Chokaa alijibu tena:

Ndugu yangu, gharama siikatai, lakini ifanyieni hesabu vizuri. Roshani haitengenezwi yote kwa pamoja. Anza na mikono inayoibeba, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuua mtu, na uiegemeze kwa nguzo za muda leo hii kabla ya kusubiri kibali chochote. Kuzuia kitu kisianguke hakuna wa kukukataza. Mkono uliooza hukatwa sehemu iliyooza tu na kuungwa kwa mti wa aina ileile, kwa kuumanisha ulimi na tundu, si kwa misumari ya chuma ambayo itashika kutu kwa hewa ya bahari na kuupasua mti. Nakshi inaweza kusubiri mwaka mzima. Mbao zilizotoka ziwekeni alama kwa chaki na mzihifadhi ndani pakavu, maana kipande kimoja kilichobaki kinatosha kumpa seremala kigezo cha vingine vyote. Kuhusu zege, roshani ya zege ni nzito mara nyingi kuliko ya mbao, na itaning'inia kwenye ukuta uleule ambao tumekwisha kusema haukujengwa kubeba zege.

Mama wa Kuze alijibu:

Mwanangu, mimi si fundi, ila nimezaliwa na kuolewa katika Mji wa Kale. Hizo nakshi za roshani mnazozitaja kama pambo zilikuwa na kazi. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya vile vitundu tukaiona harusi ikipita, tukamwona muuza kahawa, tukamwita mtoto aje kula, na aliyeko njiani hakutuona. Upepo uliingia hapo hapo, na chumba cha juu kilikuwa baridi bila umeme. Ndugu zako wakitia zege na madirisha ya vioo, mpangaji wao wa kwanza atawadai kiyoyozi. Waambie hivyo, maana nimesikia hesabu zao ni za kodi.

Mjukuu wa Kibokoni alijibu:

Ninawashukuru nyote, na wewe Mama hasa, kwa sababu habari ya kiyoyozi ndiyo iliyomnyamazisha ndugu yangu mkubwa.

Jana nilipanda juu ya paa mvua ilipoanza, kama Mwashi alivyoelekeza. Mfereji wa jirani umekatika kwenye kona, na maji yake yote yanateremka juu ya ukuta wetu wa nyuma, mahali hasa palipolowa. Jirani amekubali tuubadilishe kwa gharama ya nusu kwa nusu. Bisibisi imezama katika vichwa vya boriti tatu kati ya kumi na nne, na roshani nimeiegemeza kwa nguzo mbili na kufunga kamba ili watoto wasicheze chini yake. Ghorofa ya pili tumeiacha. Ndugu yetu anayeshughulikia hati amegundua kwamba mirathi ilipitishwa lakini majina hayakubadilishwa, kwa hiyo tunaanzia hapo huku ukuta ukikauka.

Nimebakiwa na swali moja dogo. Lipu ya chokaa ikishakauka, je, tunaweza kuipaka rangi ya kawaida ya dukani? Ndugu zangu wanataka rangi inayoweza kuoshwa.

Mwashi wa Chokaa alijibu:

Msiipake. Rangi ya plastiki itauziba ukuta kama saruji ilivyouziba, na mtaona malengelenge kabla ya mwaka kwisha. Pakeni chokaa iliyozimuliwa kwa maji iwe nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne, kila mkono ukiacha ule wa kwanza ukauke. Mkitaka rangi, tieni unga wa rangi ya udongo humo humo kwenye ndoo, na mchanganye ya kutosha ukuta mzima kwa mara moja, kwani ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Haioshwi, ni kweli. Ikichafuka mnapaka tena, na ndoo moja ya chokaa haifiki hata robo ya bei ya rangi wanayoitaka ndugu zako.